Alichosema Ilham Jukwaani

Nyumba ya Bi Hindu, mtaani Shella hapo Malindi, ilikaa miaka ishirini na zaidi bila ugomvi. Majirani waliipigia mfano: mama mjane, mabinti wawili, mmoja wao kiziwi, na hata siku moja hujasikia mlango ukibamizwa. Watu wakasema hiyo ni baraka ya marehemu Abdulhadi, aliyekuwa mtu mpole. Baraka gani! Alikuwa ni Widad tu, binti mkubwa, akitia maneno ya watu sukari.

Ilham, mdogo wake, alizaliwa hasikii. Akiwa na miaka sita alipelekwa shule ya bweni ya viziwi, mbali na nyumbani, na likizo ya kwanza alirudi na lugha mikononi. Mtu wa kwanza aliyempata wa kuzungumza naye alikuwa dada yake wa miaka tisa. Widad aliidaka lugha ile ya ishara kwa wiki tatu tu, kama watoto wanavyodaka nyimbo za harusi. Bi Hindu naye alisema atajifunza, ila si leo, maharusi wanamngoja. Alikuwa mpaka hina, na si mpaka hina wa kubahatisha. Bibi harusi wa watu wenye jina lao hakutolewa ndani kabla miguu yake haijapita mikononi mwa Bi Hindu. Hiyo "si leo" ikawa miaka. Ajifunze ya nini, na mkalimani yumo ndani ya nyumba, anakula wali wa hapo hapo na hadai chochote?

Basi mambo yakawa hivi. Bi Hindu akisema, "Mwambie huyo anitokee hapa jikoni, ananitia kiwewe," Widad aligeuka akasema kwa mikono, "Mama anasema kapumzike, umechoka." Ilham akajibu, "Mwambie jiko si lake peke yake," na Widad akamgeukia mama: "Anasema ahsante, mama." Wote wawili wakatabasamu. Widad katikati yao akajiona mtu mzima mwenye busara kuliko kadhi. Nami simlaumu kwa hayo. Mtoto ukimpa kazi ya kubeba maji ya moto, atatafuta njia ya kuyapoza.

Ila kuna moja alilolipoza ambalo halikuwa la kupozwa. Baba yao alifariki ghafla Ilham akiwa shuleni, ana miaka tisa. Akazikwa siku hiyo hiyo, kama ilivyo desturi, na mtoto hakungojwa. Likizo ilipofika, Bi Hindu yumo chumbani katika eda, hatoki, macho yamemvimba. Alimwita Widad mlangoni akamtuma: kamwambie mwenzio. Widad akaenda. Akamkuta Ilham amesimama mbele ya kitanda cha baba kisicho na godoro, anauliza kwa mikono miwili, baba yuko wapi, baba yuko wapi. Na Widad, miaka kumi na miwili, akaiona sura ile ikimtazama kwa matumaini, akashindwa. Akasema, "Mama anasema baba amesafiri."

Mwaka mzima Ilham alimngoja. Kila aliporudi likizo alikaa barazani siku ya Ijumaa, amevaa vizuri, anaangalia njia. Siku ya Idi mjomba wao akawachukua watoto kwenda kuzuru makaburi, na Ilham, ambaye shule ilikuwa imemfundisha kusoma, akalisoma jina la baba yake kwenye jiwe. Hakulia pale. Alirudi nyumbani akamtazama mama yake kwa muda mrefu, kisha akaingia chumbani. Tangu siku ile aliamini kwamba mama alimdanganya. Widad alilijua hilo na akaliacha likae. Alijiambia atamweleza wakishakuwa wakubwa.

Wakawa wakubwa. Widad alifika miaka thelathini na miwili; posa mbili alizikataa, maana nani angebaki kuwasemea wale wawili? Bi Hindu akashikwa na kisukari, na kisukari kikamla macho. Mwaka wa pili sasa alikuwa anatambua mwanga na kivuli tu, hina ameiacha. Kwa hiyo mama haoni mikono, binti hasikii sauti, na njia ya kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine ikabaki moja, mdomo wa Widad.

Hapo ndipo akaja mwalimu Jedida. Huyu alikuwa mwenyeji wa Magarini, masikio yake mazima, lakini baba na mama yake wote viziwi, kwa hiyo ishara aliinyonya pamoja na maziwa. Alikuwa ameunda kikundi cha maigizo cha viziwi, watu saba, wakifanya mazoezi katika ukumbi mmoja wa kijamii Malindi mjini. Ilham alijiunga, na ndani ya mwaka akawa nguzo ya kikundi. Alikuwa na uso ambao huwezi kuacha kuutazama. Akitembea jukwaani kama mzee mwenye goti bovu, utaumwa na goti.

Mchezo waliouandaa waliupa jina *Nitakwambia Baadaye*. Kiziwi yeyote anayajua maneno hayo. Watu wamekaa kwenye sinia, mmoja anasema jambo, wote wanacheka mpaka wanashika mbavu. Kiziwi anauliza, kuna nini? Anaambiwa, nitakwambia baadaye. Hiyo baadaye haina siku. Kila mchezaji alileta yake ya nyumbani kwao, na sehemu ya mwisho, iliyo ndefu kuliko zote, ilikuwa ya Ilham kuhusu mama yake.

Jedida alikuwa tayari kuwa sauti ya mchezo, ili wanaosikia wafuate. Ilham akakataa. Alimtaka Widad. Alimfuata mchana mmoja uani, Widad anaanika nguo, akamgusa bega.

"Yote," akasema kwa ishara. "Usipunguze, usiongeze."

"Ilham, hayo maneno ni mazito. Mama atakaa mbele ya watu."

"Nimemwalika ili ayasikie. Akiyasikia kwa sauti ya mtu wa nje ataona nimemwaibisha. Akiyasikia kwa sauti yako atajua ni ya nyumbani." Kisha akasita, akafuta jasho. "Nataka anijibu. Basi. Hata akinitukana. Maisha yangu yote sijazungumza na mama."

"Si unazungumza naye kila siku?"

"Nazungumza na wewe," Ilham akasema.

Widad akaendelea kubana nguo kwenye kamba. Alijua vizuri kilichomo katika mchezo ule: mna kitanda kisicho na godoro, mna mama anayesema baba amesafiri. Bi Hindu akiisikia sehemu hiyo atauliza, mimi nilisema hivyo lini? Na swali hilo lina jibu moja. Angeweza kumwambia Ilham pale pale, kwenye kamba ya nguo, wako wawili tu. Badala yake alitikisa kichwa: sawa, yote.

Na kwenye mazoezi alisema yote. Hilo ni lazima asemewe. Alishika kipaza sauti kando ya jukwaa, ukumbi mtupu, akatoa kila neno lililotoka mikononi mwa mdogo wake, sauti haitetemeki. Siku moja wanawake wawili wa usafi walikuwa wanadeki nyuma ya ukumbi. Ilham alipofika mwisho, waliacha kudeki, wakasimama na mafagio yao, kimya. Mmoja akajifuta macho kwa ncha ya leso. Ilham aliwaona, akafurahi kama mtoto. "Wamepata," akamwambia Jedida. "Hapo ndipo wanaponyamaza."

Jedida ana msemo wake wa kazi, huwaambia wakalimani wote: bomba halionji maji. Lako ni kuyapitisha. Alimwambia Widad hivyo asubuhi ya siku yenyewe, akimrekebishia kipaza sauti, na Widad akacheka akasema, "Usitie shaka, mwalimu."

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, madirisha yote wazi na mapazia yamevutwa kando, maana mchezo wa viziwi hautaki giza. Upande wa kushoto walikaa viziwi, wametoka Kilifi, Sabaki, hata Kikambala, mikono yao haitulii kwa salamu. Upande wa kulia walikaa wanaosikia, wengi wao Shella nzima iliyohamia pale kwa mchana mmoja. Bi Hindu alikuwa mstari wa mbele, buibui jipya, amejifukiza udi, anapokea shikamoo kulia na kushoto na kuitikia marahaba kama mama wa bibi harusi. "Mwanangu anacheza," alikuwa anawaambia. "Mimi sioni, lakini nitasikia. Widad atanambia."

Mchezo ulianza vizuri kupita kiasi. Kalama, kiziwi mmoja mnene wa Sabaki, aliigiza mjomba mpiga porojo kwenye sinia la wali, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kushoto wakapunga mikono hewani, ndiyo makofi yao. Kulia wakapiga makofi ya sauti. Pande mbili zilicheka kwa wakati mmoja, na Widad kando ya jukwaa alihisi raha ambayo hajawahi kuihisi. Kwa nusu saa nzima alikuwa bomba, na maji yakapita.

Kisha Ilham akabaki peke yake jukwaani na kitanda kisicho na godoro.

"Nilirudi likizo," mikono yake ikasema. "Nikauliza, baba yuko wapi? Mama akanijibu, amesafiri. Mwaka mzima nilikaa barazani kumngoja maiti."

Widad alifungua mdomo. Mbele yake, hatua tano, Bi Hindu alikuwa ameinamisha kichwa upande, sikio limeelekezwa kwake, mdomo wazi kidogo, vile wasioona wanavyosikiliza. Watu wa mtaa mzima wako nyuma yake. Widad alijiambia ni kwa ajili ya mama, asiaibike mbele za watu. Alijiambia ni kwa ajili ya Ilham, asikose radhi za mzazi. Mtu akitaka kujificha hakosi nguo za kuazima. Ukweli ni kwamba alijiogopea mwenyewe.

"Nilirudi likizo," akasema kwenye kipaza sauti, "na baba hayupo. Mama akanikumbatia. Akanifundisha subira."

Upande wa kulia mtu akasema, "Maskini." Bi Hindu akatikisa kichwa taratibu, chozi likamshuka. Jedida, aliyekuwa nyuma ya jukwaa, akatoa kichwa nje kama aliyesikia kitu kimevunjika.

Ilham hakujua. Alisogea mbele kabisa, ukingoni mwa jukwaa, akainua mikono yake miwili juu ya kichwa cha mama yake.

"Mama, mikono unayo," akasema. "Mikono hiyo imechora maua kwenye miguu ya maharusi wa mji huu, ua baada ya ua, mpaka alfajiri. Mimi haikunichorea neno hata moja. Hukukosa mikono, mama. Hukuwa na hamu nami."

Widad alikuwa ameshavuka, na aliyekwisha kuvuka haoni tabu kuendelea. Sauti ilimtoka laini, nzuri, sauti ya maulidi.

"Mama, mikono yako iliyowapamba maharusi wa mji huu ndiyo iliyonilea mimi. Sina cha kukulipa ila dua. Nakuomba radhi zako."

Shella nzima ikasimama na vigelegele.

Kigelegele hakihitaji masikio kukijua. Kiziwi wa pwani amekiona harusini tangu utotoni: mkono unakwenda mdomoni, kichwa kinarudi nyuma, ulimi unacheza. Ilham aliwaona wanawake safu kwa safu, wanatabasamu, wanapiga vigelegele, mahali ambapo watu hunyamaza. Akageuza macho kushoto. Viziwi walikuwa wamekaa kama mawe. Hakuna mkono uliopunga. Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa analia waziwazi. Ukumbi ule ulikuwa unatazama michezo miwili.

Polepole, Ilham akamgeukia dada yake.

"Umewaambia nini?"

Viziwi wote wakageuka kumtazama Widad. Kalama, aliyekuwa anajiandaa kuingia, akaganda kando ya kitanda. Kanuni ni kwamba kila kinachosemwa na mikono jukwaani sauti inakisema, na watu wa kulia walikuwa wanangoja, nyuso bado zimechangamka, kipaza sauti kinatoa mlio mwembamba.

"Umewaambia nini?" Ilham akarudia, mara hii mikono imepungua nguvu.

"Widad," Bi Hindu akaita kutoka mstari wa mbele, "mwenzio asemaje?"

Widad alikuwa na nafasi. Mimi nimeifikiria sana nafasi ile, na naapa ilikuwa pana. Ukumbi mzima ulimpa. Maneno mawili tu yangetosha, hata kama angelia baada yake.

"Anasema," Widad akasema, "ahsanteni."

Bahati mbaya ni kwamba "ahsante" ndilo neno la kwanza wanalofundishwa watoto viziwi kusoma midomoni. Ilham aliliona likitoka. Watu wa kulia wakapiga makofi upya. Yeye akashuka zile ngazi tatu za jukwaa, akasimama mbele ya mama yake, naye Bi Hindu alipohisi kivuli akanyoosha mikono, akaipata ya binti yake, akaibusu kiganja na mgongo. "Umenipamba, mwanangu," akasema. "Umenipamba mbele ya watu. Radhi unazo."

Maisha yake yote, mama akifungua mdomo, macho ya Ilham yalikimbilia mikono ya Widad. Widad aliinua mikono, tayari. Macho hayakuja. Ilham alitazama midomo ya mama yake ikienda, hakuelewa neno, na hakuuliza. Alipoachiwa mikono akapita katikati ya watu, akatoka.

Siku ile hakurudi nyumbani. Alikwenda Magarini kwa Jedida, na huko akabaki. Widad alipiga simu ya video mara arobaini, akazuiwa. Akaandika ujumbe mrefu, haukusomwa. Wakati huo nyumbani Shella ilikuwa kama watu wametoka kufunga ndoa. Majirani walipishana mlangoni kumpa mama hongera, na kila mmoja alitaka asimuliwe tena yale maneno, na Bi Hindu aliyasimulia, mikono iliyowapamba maharusi, sina cha kukulipa ila dua, na kila mara sauti ilimkatika mahali pale pale. Widad alileta kahawa na kuondoa vikombe.

"Mbona mwenzio haji?" mama aliuliza wiki ya kwanza.

"Kazi nyingi, mama."

Wiki ya tatu akauliza tena. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na ungo wa mchele, anachagua changarawe kwa ncha za vidole, kazi aliyojibakishia baada ya macho kwenda. Widad alikuwa na jibu mdomoni, limeshapakwa sukari. Alimtazama mama yake anavyovipitisha vidole, punje kwa punje, mtu ambaye amekuwa akimwamini kwa kila neno, na jibu likamkwama.

"Mama, Ilham hakusema vile."

"Vile vipi?"

Akamwambia. Alianza mwanzo, akapita kwenye sinia, shuleni, kwenye kitanda, akafika kwenye mikono na hina. Hakupunguza. Vidole vya Bi Hindu vilisimama ndani ya mchele.

"Rudia hapo pa baba yenu."

"Anasema wewe ulimwambia baba amesafiri."

"Mimi?" Bi Hindu akainua uso, macho yale yasiyoona yakaenda huku na huku kumtafuta. "Mimi nilikutuma wewe. Hapo mlangoni, nguo za eda mpya mwilini. Nikakwambia, kamwambie mwenzio baba yenu ametutoka, na umshike vizuri. Ukarudi ukanambia umemwambia, amelia kidogo, amenyamaza. Nikamshangaa mtoto mwenye moyo mkavu vile. Miaka ishirini namshangaa, Widad. Nikasema huyu hana haja nasi."

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mama."

"Najua. Na kumtuma mtoto kazi ile ni kosa langu, sitakutupia wewe. Nilijifungia chumbani nikakuacha peke yako na maiti mdomoni. Lakini ulikua. Ulikua, mwanangu, ukawa mwanamke mzima. Mbona hukuja kunambia?"

Widad alilia. Hakulia kwa adabu. Alilia kwa sauti, kamasi zinatoka, paji la uso kwenye mkeka. Mama yake hakumgusa.

"Kila jioni nilikuuliza," Bi Hindu akasema, sasa kwa sauti ya chini, kama anayehesabu jambo lake mwenyewe. "Mwenzio ana neno? Ukanambia hana, yuko radhi. Ulinipa mtoto asiye na lalamiko, nami nikamkubali, maana alikuwa mwepesi kumlea. Lau mtu angenambia, Hindu we, mwanao analia, wallahi ningejifunza lugha ile. Macho nilikuwa nayo bado." Akausukuma ungo. "Nitafutie gari. Nataka kwenda kwake."

Widad alimwandikia Jedida, na jibu likaja siku ya pili, fupi: Mama aje. Widad asiingie ndani.

Walikwenda na gari la kukodi, mama na binti kiti cha nyuma. Nyumba ya Jedida ilikuwa ya mabati, imepakwa chokaa, uani pana kuku na benchi la mbao. Jedida alimpokea Bi Hindu mkono, "Shikamoo, mama," akamwingiza ndani polepole, na Widad akaonyeshwa benchi. Ilham hakutoka.

Dirisha la sebule lilikuwa la kioo, limefungwa kwa ajili ya vumbi. Widad alijaribu kuwatazama kuku. Alijaribu kweli. Kisha akasimama, akasogea. Bi Hindu na Jedida walikuwa wamekaa pamoja, wamelipa dirisha mgongo. Ilham alikuwa mbele yao, uso kwa dirisha, amekonda, mikono mapajani. Ikaanza kusema.

Widad alisoma. Ilham aliyasema yale yale ya jukwaani, bila madoido ya jukwaani, na kichwa cha Jedida kilitikisika kidogo kila alipoyageuza kuwa sauti. Kwenye hina, mabega ya Bi Hindu yakaanza kutetemeka. Ilham aliona, hakuacha. Alifika mwisho, akangoja. Ndipo mama akasema, na akasema sana. Widad aliona ushungi wake ukienda mbele na nyuma, na viwiko vya Jedida vikienda haraka. Maneno yenyewe hakuyasikia, kioo kilikuwa kinene, na mikono ya Jedida ilifichwa na mwili wake. Alibaki na uso wa mdogo wake tu. Uso ule ulikunjamana kwanza, kama wa mtu aliyeonyeshwa hesabu isiyo yake. Kisha ukaacha kukunjamana.

"Ni nani aliyesema amesafiri?" mikono ya Ilham ikauliza.

Ushungi wa mama ukatulia. Lilikuwa jibu fupi.

Ilham akainua vidole viwili akavigusisha shavuni, pale Widad anapobonyea akicheka. Ndilo jina la Widad kwa ishara. Ilham mwenyewe ndiye aliyempa, likizo ile ya kwanza. Aliligusa mara moja, nyusi zimepanda, swali. Halafu mara ya pili, bila swali. Mikono yote miwili ikamwangukia mapajani, na Bi Hindu akanyoosha yake hewani kuitafuta.

Ilham alipoipokea mikono ya mama yake, aliinua macho akamwona Widad dirishani.

Widad akapeleka kiganja kifuani, akakizungusha, nisamehe, nisamehe, akarudia mpaka mkono ukamuuma. Ilham alimtazama. Akauweka mkono wa mama juu ya goti lake kwa utaratibu, akasimama, akaja mpaka dirishani, karibu kiasi kwamba pumzi yake ilitia ukungu kwenye kioo. Kwa dakika moja Widad alidhani anakuja kulifungua. Ilham akashika pazia, akalivuta mpaka mwisho.

Ndani waliendelea kuzungumza, mama na binti yake, kwa muda wa saa nzima. Widad alisimama uani na kuku wa watu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakujua wanaambiana nini.